Dawa za Kutunisha Misuli kwa Mwenye Hitilafu ya Mapigo ya Moyo

Vyuma vya mtaani vinajulikana: bomba moja, makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, benchi la mbao lililopigiliwa misumari upya. Vijana wa Rulenge, huku kwetu Kagera, wanaovibeba jioni wakitoka shambani au kwenye bodaboda hawana kosa, na kwa walio wengi mazoezi hayo ni faida kwa moyo. Maelezo haya yanahusu kinachokuja baadaye: kijichupa cha sindano chenye mafuta ya rangi ya manjano, au vidonge visivyo na boksi, ambavyo mwenzako anakuapia kwamba vitakujaza kifua ndani ya miezi miwili. Yanamhusu zaidi mtu ambaye mapigo ya moyo wake yana hitilafu, awe anajua au hajui.

Nyingi ya dawa hizo huitwa steroidi. Mwenye haraka achukue jibu hili: usitumie. Hakuna dozi ya kujengea misuli iliyothibitika kuwa salama kwa moyo wa namna hiyo.

Mbona hospitali nayo ilinipa steroidi za pumu?

Hizo ni ukoo mwingine. Predinisoloni, deksamethasoni na haidrokotisoni hutuliza uvimbe mwilini, ndiyo maana hutumika kwa pumu, mzio mkali na magonjwa mengine mengi. Hazijengi misuli, zikitumika muda mrefu huila. Kama umeandikiwa na daktari, zimeze kama ulivyoelekezwa na usiziache ghafla, kwani mwili uliozizoea unaweza kuishiwa nguvu kwa namna ya hatari.

Steroidi za kujenga misuli ni testosteroni, yaani homoni ya kiume, pamoja na ndugu zake waliotengenezwa kiwandani kama nandroloni na stanozololi. Stanozololi ndiyo iliyomvua Ben Johnson wa Kanada medali ya dhahabu ya mbio za mita 100 mjini Seoul mwaka 1988.

Kuna kundi la tatu ambalo watu hawalihesabu kabisa: vidonge vya kunenepesha. Kutoka Kongo mpaka Pwani, wako wanaomeza deksamethasoni ileile ya hospitali, mara nyingi pamoja na siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula, ili wapate mashavu na makalio. Unene unaopatikana kwa deksamethasoni kwa sehemu kubwa ni maji na mafuta. Presha hupanda, sukari hupanda, na potasiamu, madini yanayoutuliza umeme wa moyo, hupotea kwenye mkojo. Kwa maoni yangu hivi ndivyo vya kuogopwa kwanza huku kwetu, kwa sababu bei yake ni ndogo na aliyevimeza hakumbuki kumwambia daktari. Kwake si dawa, ni urembo.

Nitajuaje kama mapigo yangu yana hitilafu?

Moyo hupigishwa na umeme wake wenyewe. Cheche huanzia sehemu ya juu upande wa kulia, ikateremka kwa njia maalumu, na misuli ikajibana kwa zamu. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Mwenye mazoezi mengi anaweza kuwa chini ya hapo na asiwe mgonjwa. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu kwa dakika nzima. Kama mapigo yanakimbia bila sababu, yanarukaruka, au hayana mpangilio hata ukirudia kuhesabu, nenda ukapimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Hakiumi na huchukua dakika chache.

Sababu moja imekaa sana kwetu. Mtoto anaumwa koo, homa inapita, hapewi dawa inayostahili. Baadaye anavimba viungo, na miaka ikipita vali za moyo zinakuwa na makovu. Huo ndio ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Vali ikibana, chumba cha juu cha moyo hutanuka, na umeme wake huanza kutetemeka ovyo badala ya kupiga. Damu ikituama humo huganda, na bonge likipanda kichwani mtu anapooza upande mmoja. Kijana wa miaka 22 anaweza kuwa na hali hii akaiona kama uchovu wa kawaida. Wengine huzaliwa na hitilafu ya mapigo, au hurithi moyo wenye ukuta mnene kuliko kawaida.

Dalili ambazo hazisubiri wiki ijayo: kuzimia ukiwa kwenye mazoezi, kuhisi moyo unadunda mpaka kooni huku macho yakitia giza, kubanwa kifua. Na kama ndugu wa damu alifariki ghafla akiwa kijana, hata ikisemwa kwamba alirogwa, mweleze daktari.

Desemba 2016, mchezaji wa kikosi cha vijana cha Mbao FC alianguka na kufariki katika Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kwenye mechi ya vijana chini ya miaka 20 dhidi ya Mwadui. Simtaji kwa habari ya dawa. Namtaja kwa sababu watu wa Kagera walishuhudia kwamba kijana anayekimbia leo anaweza kuanguka leo hiihii.

Zinaufanyaje moyo, hasa?

Moyo nao ni msuli, na dawa haichagui msuli wa kifuani ikauacha wa moyoni. Ukuta wa moyo hunenepa, na katikati ya nyuzi zake hujengeka kovu. Umeme haupiti kwenye kovu, huzunguka. Ukizunguka unaweza kujirudia wenyewe, na hapo ndipo mapigo ya hatari huzaliwa. Wakati huohuo presha hupanda, mafuta mazuri ya damu hushuka na mabaya huongezeka, na damu huwa nzito kwa sababu chembe nyekundu zimezidi. Damu nzito huganda upesi. Sasa mchukue yule ambaye chumba cha juu cha moyo wake tayari kinatuamisha damu, umwongezee damu nzito.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima mioyo ya wanyanyua vyuma 140, kati yao 86 wakiwa watumiaji wa steroidi. Moyo wa asiyetumia ulisukuma nje, kwa wastani, asilimia 63 ya damu iliyoujaza kila unapopiga. Wa mtumiaji ulisukuma asilimia 52. Kwa nje watumiaji ndio walioonekana kuwa na nguvu zaidi.

Denmark wana utaratibu wa kupima watu hata kwenye jimu za kawaida, kwa hiyo waliweza kuwafuatilia wanaume 1,189 waliokutwa na dawa hizi kwa wastani wa miaka 11. Wakilinganishwa na wanaume wengine wa rika lao, hitilafu za mapigo ziliwapata zaidi ya mara 2, na ugonjwa wa msuli wa moyo karibu mara 9.

Mtu atauliza: si hospitali nako kuna wanaodungwa testosteroni? Wapo, wale ambao miili yao haitengenezi ya kutosha, na dozi yao ni ya kurudisha kilichopungua. Hata hao hawakusalimika kabisa. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2023, wenye wanaume zaidi ya 5,200 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata, haukuona ongezeko la shambulio la moyo wala kiharusi, lakini kutetemeka kwa chumba cha juu cha moyo kuliwapata asilimia 3.5 ya waliopewa testosteroni, dhidi ya asilimia 2.4 ya waliopewa dawa bandia. Hiyo ni dozi ya hospitali, yenye vipimo na daktari. Dozi ya jimu huwa ni mara kadhaa ya hiyo, na mara nyingi dawa mbili au tatu kwa mpigo.

Nameza dawa za moyo. Si zitanilinda?

Hapana, na nyingine zitageuka.

Wafarini ndiyo ya kwanza kuiogopea. Inazuia damu kuganda, na dozi yake inatafutwa kwa uangalifu kwa kupima damu mara kwa mara, kipimo kiitwacho INR. Steroidi za misuli huiongezea nguvu. Dozi ileile uliyoizoea inaanza kukutoa damu kwenye fizi, kwenye mkojo, na siku mbaya ndani ya kichwa. Mgonjwa wa wafarini huambiwa hata mchicha na kisamvu ale kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki, asibadilishe ghafla, kwa kuwa mboga hizo hugusa nguvu ya dawa. Kama mboga inahesabiwa, sindano isihesabiwe?

Ya pili ni Lasix na vidonge vingine vya kukojosha. Watunisha misuli huvitumia ili maji yapungue chini ya ngozi na mishipa ionekane. Potasiamu hutoka pamoja na maji hayo. Ikishuka, moyo wenye hitilafu huchafuka, na kwa anayemeza dawa ya moyo iitwayo digoksini, dozi ya kawaida inaweza kuwa sumu. Wengine huongeza klenbuteroli ya kuunguza mafuta, efedrini, au makopo mawili ya kinywaji cha kuongeza nguvu kabla ya vyuma. Vyote hivyo huukimbiza moyo ambao dawa za daktari zinajaribu kuupunguza mwendo.

Halafu kuna sindano yenyewe. Ikichangiwa inaleta VVU na homa ya ini, hilo watu wanalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba jipu la sindano chafu linaweza kupeleka bakteria kwenye damu, nao hupenda kukaa kwenye vali yenye kovu. Ugonjwa huo huua, na matibabu yake ni antibiotiki za mshipani kwa wiki kadhaa.

Nikitumia mzunguko mmoja tu?

Sindano za mafuta hutoka polepole. Nyingine hukaa mwilini wiki nyingi baada ya kuchoma ya mwisho. Mapigo yakichafuka leo usiku, hakuna namna ya kuitoa dawa hiyo. Tena chupa ya magendo huenda haina kilichoandikwa juu yake.

Lakini presha yangu ni nzuri.

Mashine ya presha haioni kovu wala ukuta mnene. ECG na ultrasound ya moyo ndizo zinazoonyesha, na hata ECG inaweza kuwa safi kama hitilafu huja na kuondoka.

Basi mgonjwa wa mapigo asifanye mazoezi?

Afanye, akishauriana na daktari wake juu ya aina na kiasi. Wengi huruhusiwa kutembea kwa kasi, kuendesha baiskeli na kunyanyua uzito wa wastani bila kubana pumzi. Wachache, hasa wenye ukuta mnene wa kurithi, hupewa masharti zaidi. Mwili unajengwa na chakula, na huku kwetu hatuna shida hiyo: maharage, dagaa wa Ziwa Victoria, mayai, maziwa, karanga juu ya ndizi. Inachukua miezi mingi. Anayekuahidi wiki sita anakuuzia kitu.

Mwenzetu akianguka kwenye vyuma?

Si kila anayeanguka na kutetemeka ana kifafa. Mtikise, mwite. Kama haitiki na hapumui, au anatweta mara mojamoja kama samaki nchi kavu, moyo umesimama. Mlaze chali. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono, kandamiza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usimpe maji, usimweke kijiko mdomoni. Mmoja akandamize, mwingine atafute gari na kupiga simu hospitali, mpokezane kila dakika mbili bila kusimama. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton, na moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Yu hai, kwa sababu mikono ilikuwa kifuani pake tangu mwanzo na mashine ya kushtua moyo ilifika upesi. Sisi mashine hiyo iko mbali, kwa hiyo mikono ndiyo yote tuliyo nayo njiani.

Nimeshatumia. Nifanye nini?

Acha ya misuli leo, lakini usiache dawa zako za moyo, na usimeze kitu kingine cha kusafisha mwili. Kama umekuwa ukimeza deksamethasoni kila siku kwa wiki kadhaa, usikate mwenyewe. Daktari atakupunguzia polepole. Ukiwa na dalili zilizotajwa juu, nenda sasa hivi. Usipokuwa nazo, nenda hivyohivyo: Rulenge, Murgwanza au Biharamulo kuna hospitali, na kutoka hapo utaelekezwa Bukoba, Chato au Bugando kwa vipimo vikubwa, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kwa mambo kama kuwekewa betri ya moyo.

Baada ya kuacha, wanaume wengi hupata majonzi, usingizi mbaya na kupungukiwa hamu ya tendo la ndoa, kwa sababu korodani zilikuwa zimelala kazi. Wengine hukosa mbegu kwa miezi. Hapo ndipo watu hurudia sindano. Mwambie daktari hilo pia, hasa ukianza kufikiria kujidhuru.

Usione haya kutaja ulichotumia. Daktari asiyejua atabadilisha dozi ya wafarini kwa kubahatisha. Nenda na kadi yako ya kliniki, vidonge vyote unavyomeza, pamoja na ile chupa yenyewe, hata kama imebaki tupu.