Sentensi ya Masharti Ndani ya Ruta: Funzo la Kebo ya Mombasa

Ruta, yaani kifaa kinachoielekeza data njia ya kupita, hufuata kanuni zilizoundwa mithili ya sentensi za masharti: "Data ikitoka afisi hii, ipite njia hii." Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, ya kwanza inayolingana na data ndiyo hutekelezwa. Kwa hiyo, fundi anayetafuta hitilafu hana budi kuchunguza kwanza mpangilio wa kanuni, kisha sharti lenyewe.

Mnamo Februari 2012, kebo ya TEAMS, iliyofika Mombasa mwaka 2009, ilikatwa na nanga ya meli karibu na bandari. Katika hali kama hiyo, ruta ya afisi iliyoko Likoni au Changamwe yenye sharti "kifaa jirani kikiwa hai" huendelea kutuma data njia ile ile na kuwaacha watumiaji bila intaneti, kwani jirani yu hai ilhali kebo imekatika baharini. Sarufi ya kanuni hiyo ni sahihi. Kosa limo katika maana. Sharti faafu huhoji ng'ambo: "Kituo cha mbali kikijibu, data ipite hapa, kisipojibu, ipite kwingine." Bila -sipo-, -ki- haitoshi.