Kabla hujauliza watu wa Kilosa kuhusu michezo, lichunguze neno "mchezo"

Mama mmoja muuza maandazi pale Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, alikubali kunijibu huku akigeuza maandazi kwenye karai.

"Mama, unacheza mchezo wowote?"

"Nacheza."

"Mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku, mwanangu."

"Mko wangapi?"

"Tuko kumi na wawili."

Nilikuwa nimeshajaza nafasi tatu za dodoso, nikiamini nimempata mchezaji wa netiboli, aliposema: "Kijumbe wetu mwaminifu sana. Zamu yangu ni mwezi ujao." Kumbe alikuwa anazungumzia upatu, yaani kuchangishana fedha kwa zamu, ambao nao huitwa mchezo. Niliyafuta majibu yote matatu, na usiku ule nikaanza kuliandika dodoso upya.

Tangu siku hiyo nimeuliza watu wengi wa wilaya ya Kilosa, kuanzia Kimamba na Rudewa kwenye mkonge hadi Mikumi mpakani mwa hifadhi ya wanyama, wanaonaje michezo na kuushughulisha mwili. Ninayoyaandika hapa yatamfaa afisa michezo, mwalimu, mwanafunzi wa chuo au kiongozi wa kijiji anayetaka kujua watu wake wanataka nini kabla hajatenga fedha za uwanja.

1. Piga hodi kwa utaratibu

Anza na barua ya halmashauri, uipeleke kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke ngazi. Kilosa ni wilaya ambayo wakulima na wafugaji wamegombea ardhi hadi damu ikamwagika, hivyo mgeni mwenye kalamu hutazamwa mara mbili. Asiyejua umetumwa na nani atadhani unaandikisha watu wa kupewa msaada au unapima mashamba, naye atajibu kwa kuangalia huko.

2. Sikiliza maneno yao kwanza

Kabla ya swali lolote la kuandikwa, kaa na watu: kijiwe cha bodaboda, wanawake bombani, wazee kwenye bao. Waulize lipi ni mchezo na lipi si mchezo. Mimi nilikuta kwamba kwa wengi "michezo" ni Simba na Yanga, au mambo ya watoto kama rede na kombolela. "Mazoezi" ni ya askari, ya watu wa mjini, au ya mtu aliyeambiwa na daktari apunguze uzito. Kulima na kutwanga ni "kazi tu". Vijana wa Kiparakuyo, wafugaji wasemao Kimaasai, wanaoruka kwenye ngoma mpaka jasho liwatiririke wanasema wako kwenye sherehe.

Ndiyo maana neno moja linaweza kuficha wilaya nzima. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliwahimiza wananchi wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Ni wito mzuri. Ila ukitaka kujua watu wanaupokeaje, usimuulize mtu aliyetoka kupalilia kama "anafanya mazoezi". Taja vitendo: kutembea, kuendesha baiskeli, kulima, kuchota maji, kucheza ngoma, kucheza mpira.

3. Tenganisha anachofanya, anavyoona na kinachomzuia

Kwa anachofanya, ipo hojaji ya Shirika la Afya Duniani yenye maswali 16. Inauliza kuhusu kazi, safari na mapumziko, kisha muda wa kukaa. Shirika hilo, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki. Mama mmoja wa Rudewa alinieleza kwamba hutembea saa nzima kwenda shambani na saa nzima kurudi, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 600 kabla hajashika jembe. Nilipomuuliza kuhusu mazoezi alisema, "Hayo ya wenye nafasi." Ukiandika jibu lake la pili peke yake, umemgeuza mvivu mtu aliyezidi kipimo maradufu.

Vikwazo navyo vipe ukurasa wake. Mzee mmoja wa Mikumi aliniambia: "Kukimbia alfajiri nakupenda, lakini alfajiri ni saa ya tembo." Dodoso linalouliza tu "unakimbia?" lingemhesabu kuwa hapendi.

4. Pima mtazamo kwa punje tano

Tangu Rensis Likert wa Marekani aeleze njia yake mwaka 1932, watafiti husoma kauli na kumwacha mtu achague ngazi, kwa kawaida tano, toka kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Kwa maneno matupu ngazi hizo huchanganya. Mimi humpa mhojiwa punje tano za mahindi: punje moja mkekani anakataa kabisa, tano anakubali kabisa. Mikono huanza kufikiri; mtu huweka nne, hutulia, huondoa moja.

Ila jihadhari na ukarimu. Mwenyeji hapendi kumpinga mgeni, hivyo changanya kauli zinazovuta huku na huku. Kwa kauli "Kuushughulisha mwili kuna faida", karibu kila mtu aliweka tano. Kisha nikasoma, "Mwanamke aliyeolewa akikimbia barabarani watu watamsema." Walewale wakaweka nne, wengine tano. Kauli ya pili ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa sababu mtu husema wazi ya jirani kuliko yake.

5. Usiwafuate waliokwisha kukubali

Ukiuliza uwanjani siku ya kombe la mbuzi, utaambiwa Kilosa nzima inapenda michezo. Anzia ofisi ya kitongoji, ingia kila nyumba ya tano. Ndani ya nyumba, andika watu wazima wote kwenye vikaratasi na uokote kimoja, la sivyo baba mwenye nyumba atawajibia wote. Aliyeokotwa akiwa shambani, rudi jioni. Wanawake waulizwe na wanawake, na kwenye maboma nenda na mtu ajuaye Kimaasai. Andika pia mwezi: majibu ya wakati wa palizi si ya wakati wa mavuno.

6. Warudishie majibu yao

Omba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, usome ulichokipata kwa lugha ileile waliyokupa. Hapo makosa yako husahihishwa na wenye habari.

Mikumi nilirudi kwa yule mama wa maandazi nikiwa na dodoso jipya. Safari hii nilimuuliza anaamka saa ngapi na mikono yake inafanya nini. Saa kumi alfajiri, akasema, anakanda unga mpaka kuche, kisha anabeba karai na kuni hadi barabarani. Akaichungulia karatasi yangu. "Na hayo nayo unayaandika?"

Niliandika yote, nikamsomea.