Maganda ya kombe, maganda ya yai: nini kinafaa kwa mifupa?

Akina mama wa kambi hutuuliza kwenye dispansari kama ni kweli kwamba maganda ya kombe wa Lualaba, yale yanayotupwa nyuma ya jiko, yanaweza kusagwa yakawa dawa ya mifupa. Swali ni zuri. Ganda la kombe ni kalsiamu kaboneti karibu tupu, na vidonge vingi vya dukani hutengenezwa kwa maganda ya chaza wa baharini au kwa mawe ya chokaa. Shida ni mahali ganda lilipotoka na namna linavyotayarishwa.

Tuanze na moto. Msichome maganda! Ninyi mnaofanya kazi kwenye konsantrateri mnaijua chokaa: ni jiwe kama lile la Kakontwe, karibu na Likasi, lililochomwa katika tanuru. Ganda likipata moto mkali huwa kitu kilekile, chokaa hai. Ikiguswa na maji huchemka. Huunguza macho, huunguza koo la mtoto. Pengine moto wa makala hautoshi kugeuza ganda lote, lakini nani atapima?

Jambo la pili ni maji. Kombe hula kwa kuchuja maji, na uchafu wa maji hubaki mwilini mwake. Lualaba hufika Malemba-Nkulu ukiwa umekwisha kupita upande wa Kolwezi, kwenye migodi. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo, na risasi pia. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo kombe wa mto huu tusiwasage.

Je, tutumie nini? Ganda la yai. Ganda moja la kuku lina gramu 2 hivi za kalsiamu. Lioshe, lichemshe dakika 10 ili vijidudu vife, likaushe, litwange mpaka liwe laini kama unga wa bukari, kisha lichekeche kwa kitambaa. Unapotwanga funika pua na mdomo. Vumbi ni vumbi, hata la jikoni. Nusu ya ganda kwa siku, ndani ya mboga, inamtosha mtu mzima. Mwenye mawe ya figo asitumie. Anayemeza vidonge vya kuongeza damu aache saa 2 katikati, kwa sababu kalsiamu huvizuia visiingie vizuri mwilini. Mtoto mdogo asipewe kabla hatujamwona.

Mama mwenye mimba ndiye anayehitaji zaidi. Bukari, uwe wa mahindi au wa muhogo, una kalsiamu kidogo sana. Mahali ambapo chakula ni cha namna hiyo, Shirika la Afya Duniani linashauri mama apate gramu 1.5 mpaka 2 kila siku, maana hupunguza presha ya mimba, ugonjwa unaoua mama na mtoto. Udongo mweupe wa mpemba haufanyi kazi hiyo, hata ukiutamani namna gani.

Na kuna njia rahisi kuliko maganda yote. Kule Jos, Nigeria, kuna watoto wenye miguu iliyopinda ingawa jua ni tele. Mwaka 1999 waganga walitangaza kwamba kalsiamu iliwaponya kuliko vitamini D peke yake. Baadaye walijaribu unga wa samaki wadogo waliosagwa pamoja na mifupa, nao ulisaidia karibu sawa na unga wa mawe ya chokaa. Basi ndagala wakavu wa Tanganyika msiwakate vichwa wala kutoa mifupa! Watwangeni wazima, mwachanganye katika sombe, na baba naye ale, asiachiwe minofu tu.

Mtoto ambaye miguu yake inapinda aletwe dispansari. Mama mwenye mimba akiumwa sana kichwa, akiona ukungu machoni au akivimba uso, asingoje unga wowote: aje siku hiyo hiyo, hata usiku.