Kushona Mitra: Kazi Huanzia Ndani

Askofu mpya anapotangazwa, jimbo zima huingia kwenye mbio za maandalizi, na mara nyingi mitra, kofia yake ya ibada, hukumbukwa mwishoni, baada ya kasula na stola kukamilika. Fundi huletewa kitambaa kilichobaki, picha kwenye simu, na tarehe ya sherehe ambayo haisogezwi. Kwa haraka hiyo wengi hurukia mapambo: msalaba, mzabibu, uzi wa dhahabu. Siku ikifika, kofia inateleza hadi kwenye nyusi za askofu, au inambana hadi inamwachia alama kwenye paji la uso.

Nawasihi mafundi wenzangu tugeuze mpangilio huo. Mitra ni vazi la kuvaliwa na kuvuliwa. Angalia Misa moja tu ya askofu Mkatoliki. Huingia nayo katika maandamano, huivua kabla ya kuinamia altare, huivaa akiketi kusikiliza masomo, huivua kwa ajili ya Injili, kwa kawaida huivaa tena akihubiri, huivua kwa sala ya waamini, huivaa akipokea vipaji. Wakati wa Sala ya Ekaristi haipo kichwani kabisa. Hurudi kwenye baraka ya mwisho na kutoka. Kila mara kuna mtu anayeishika kwa mikono miwili, anaifungua na kuiweka kichwani pa mwenzake mbele ya kanisa lililojaa. Mitra isiyofunguka vizuri, au iliyoelemea upande mmoja, itawaaibisha wote wawili tangu mwanzo wa ibada hadi mwisho, hata nakshi zake zikiwa nzuri namna gani.

Umbo lake ukilielewa lilivyozaliwa, kazi hurahisika. Ilianzia Roma, kwenye kofia laini aliyoivaa Papa nje ya ibada. Mwaka 1049 Papa Leo IX alimpa Eberhard, Askofu Mkuu wa Trier, heshima ya kuvaa mitra ya Kirumi, na kufikia katikati ya karne ya 12 maaskofu wengi wa Magharibi walikuwa nayo. Mwanzoni ilichongoka juu. Baadaye kitambaa kikabonyezwa katikati, zikatokea pembe mbili, moja kila upande wa kichwa. Kabla karne hiyo haijaisha, kofia ikageuzwa: pembe moja ikaja mbele, nyingine ikaenda nyuma. Ile mikia miwili inayoning'inia kisogoni wengi huieleza kuwa ni masalia ya utepe uliofungwa kuzunguka kichwa. Kwa hiyo unachoshona hadi leo ni kofia laini iliyobonyea, yenye nyuso mbili zilizosimama na kitambaa chepesi katikati yake. Ukikaza kila mahali umeiharibu.

Wateja wengine watakutajia kilemba cha kitani cha kuhani mkuu katika Kitabu cha Kutoka, chenye bamba la dhahabu mbele, na kukuomba uweke bamba kama hilo. Waheshimu, lakini waeleze kwamba mitra ya askofu ilikuja baada ya hapo kwa karne nyingi na ina njia yake. Bamba la chuma pajini huelemeza kofia mbele.

Sasa vipimo. Mpime askofu akiwa amevaa kile kikofia kidogo cha utosini, maana mitra hukaa juu yake. Pitisha tepu juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, hadi kisogoni, bila kukaza. Ukipata sentimita 58, ongeza 1 ya nafasi, ugawe kwa mbili: kila kipande, cha mbele na cha nyuma, kitakuwa na sentimita 29.5 upande wa chini. Kama askofu hapatikani, omba kofia anayoivaa siku zote, uipime kwa ndani. Usikubali kipimo cha kukisia kutoka kwa katibu wa kamati.

Kwenye karatasi ya patani, pandisha pande zote mbili kiasi cha sentimita 15, zikitanuka taratibu kwenda nje hadi upana ufike 32. Kuanzia hapo zilete pamoja kwenye ncha iliyo sentimita 31 kutoka chini. Unapokata nguo, acha nafasi ya ziada kwenye mishono ya ubavuni. Kwa mtu mfupi, au mwenye uso mdogo, shusha ncha hadi 28. Mitra za kwanza zilikuwa fupi. Zilianza kurefuka karne ya 14, na kufikia karne ya 17 na 18 zilikuwa mnara. Mimi naipendelea fupi: hukaa imara askofu anapoinama kumpaka mtoto mafuta ya Kipaimara, na waamini huona uso wake kabla ya kofia yake.

Hapo juu, kati ya ncha mbili, ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Fundi hukata kipande chochote cha bitana, akakivuta hadi kikatosha, na mitra ikakataa ama kufunguka ama kulala. Dawa yake ni hesabu ndogo. Chukua pembetatu ya juu ya patani yako, yenye msingi wa sentimita 32 na kimo cha 16. Ichore kwenye bitana, kisha ipindue upande wa pili wa msingi uleule na uichore tena. Utapata umbo la almasi. Pembe zake mbili zitaenda kwenye ncha za mbele na nyuma, na mbili zilizobaki zitakutana na mishono ya ubavuni. Ongeza nafasi ya mshono, lakini usiweke kigumu chochote humo. Mitra ikivaliwa, kitambaa hicho huzama katikati. Ikivuliwa, hujikunja kwenye mstari wa msingi na kofia nzima hulala bapa. Ukibadilisha urefu wa ncha, chora almasi upya. Ile ya askofu mwingine haitafaa.

Kigumu cha ndani kikate pungufu ya nusu sentimita kila upande kuliko nguo ya juu, na kisivuke kamwe mshono wa ubavuni. Huo mwanya ndio bawaba ya mitra. Tumia kile kitambaa kigumu cha kola kinachoshika kwa pasi, matabaka mawili, la pili ukiligeuza uelekeo wa nyuzi ili kipande kisijipinde. Karatasi ya boksi iache. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, jasho la Misa mbili za sikukuu linatosha kuilainisha, na ikishalainika hainyooki tena.

Mapambo hutangulia kigumu: darizi nguo ikiwa bado laini, ipige pasi kwa upande wa ndani, ndipo ubandike kigumu. Mpangilio wa kale ni utepe mmoja unaozunguka chini na mwingine unaopanda katikati hadi ncha. Utumie, kwa sababu utepe wa chini huficha mshono na kuupa ukingo nguvu, na ule wa katikati husimamisha ncha. Alama moja inayoonekana vizuri inafaa kuliko tano zinazogombania nafasi, na ikiwa kuna utepe wa katikati, iweke juu yake. Usiigawe pande mbili.

Kabla ya kudarizi, uliza mitra ni ya siku gani. Desturi ya Kirumi ilitofautisha mitra ya thamani yenye mapambo mengi, ya pili ya nguo ya dhahabu, na nyeupe isiyo na pambo, ya kitani au hariri, yenye matamvua mekundu kwenye mikia. Siku hizi hutajwa mbili tu, ya kawaida na ya kupambwa, na katika ibada moja askofu hutumia moja. Ile nyeupe ndiyo ya mazishi, na ndiyo wanayovaa maaskofu wanaoadhimisha pamoja naye. Askofu mwenye mitra moja tu ya dhahabu atakuhitaji tena mapema, kwa hiyo mshonee na nyeupe.

Kuhusu uzito, zipo kazi mbili za kale za kutafakari. Ile ya Limerick, Ireland, ya mwaka 1418, ni ya fedha iliyopakwa dhahabu, yenye vito: hazina ya ajabu, lakini si mfano wa kufuata kwa mtu atakayesimama kwa saa tatu. Nyingine ni zile za Mexico za karne ya 16, ambazo mafundi wenyeji walizipamba kwa manyoya ya ndege, yakipangwa moja moja hadi yakatoa picha kamili. Baadhi zipo Ulaya hadi leo, mojawapo Vienna. Hao walileta ufundi wa kwao kanisani bila kumwongezea askofu mzigo. Shanga zetu ni nzuri, ila zina uzito. Zishone kwenye utepe wa chini tu, pande zote sawasawa.

Mikia ikate urefu wa sentimita 35, upana 5 juu na 7 chini, na uitie bitana. Iweke kwenye kipande cha nyuma, ikiachana kama sentimita 4, katikati ya nguo ya juu na bitana kabla hujafunga ukingo. Ukiishona baadaye kwa nje, mshono utaonekana na kila mtu aliyekaa nyuma ya askofu. Ukingo wa ndani uwekee mkanda wa pamba ulioshikizwa kwa mkono, unaoweza kutolewa na kufuliwa. Mitra yenyewe haifuliwi.

Patani hii inafaa pia kwa maaskofu wa Anglikana, ambako mitra ilipotea baada ya Matengenezo ya Kiprotestanti na kurudi mwishoni mwa karne ya 19, Edward King wa Lincoln akiwa miongoni mwa wa kwanza kuivaa. Haifai kwa Waorthodoksi. Yao ni ya duara, imetokana na taji la wafalme wa Bizanti, na inahitaji fundi aliyejifunza kazi hiyo.

Ipeleke angalau wiki moja kabla, na usiiache sakristia uende zako. Mwombe atakayemvika askofu aishike, aifungue, ahakikishe mikia iko kisogoni, na aiweke kichwani mara kadhaa. Askofu ainame, aketi, ageuke. Ikiyumba, punguza kwenye mkanda wa ndani. Ikibana, achia mishono ya ubavuni, na ndiyo maana uliacha nafasi ya ziada pale. Ikirudishwa kabatini ilale bapa ndani ya mfuko wa pamba, mikia ikiwa imenyooshwa, na kisiwekwe kitu chochote juu yake.