Walimu wa Kike katika Dini ya Budha

Wanafunzi wenzangu wa zamani na ninyi mlio darasani sasa: hapa Nyakabanda twawajua masista wanaofundisha shuleni, na twawajua kina mama wanaosomesha watoto Kurani. Lakini Wabudha ni wachache sana kwetu, na mara nyingi nimeulizwa darasani kama katika dini hiyo mwanamke aweza kuwa mwalimu. Jibu fupi ni kwamba aweza. Jibu kamili ni refu kidogo, nalo lina fundisho.

Budha alihubiri huko India ya kaskazini, yapata karne ya tano kabla ya Kristo. Mamaye alikufa siku chache baada ya kumzaa, akalelewa na mama yake mdogo, Mahapajapati Gotami. Masimulizi yao yasema kuwa mama huyu alimwomba Budha awaruhusu wanawake kuwa watawa, akakataliwa mara tatu. Basi akanyoa nywele, akavaa nguo za manjano, akaenda kwa miguu pamoja na wanawake wengine mpaka mji wa Vesali. Akasimama mlangoni analia, miguu imevimba. Ananda, mfuasi wa Budha, akamwonea huruma, akaenda kuuliza: Je, mwanamke akishika utawa aweza kuufikia ukombozi? Budha akajibu kwamba aweza. Ndipo wakakubaliwa, lakini kwa masharti manane. Sharti la kwanza ni kuwa mtawa wa kike, hata kama ana miaka 100 katika utawa, amwinamie mtawa wa kiume aliyeingia leo. Wataalamu wengi wa siku hizi hudhani masharti hayo yaliongezwa baadaye.

Angalieni jambo hili vizuri. Akili ya mwanamke haikukanwa. Kilichowekewa mpaka ni cheo chake.

Na akili hiyo ilionekana. Dhammadinna aliulizwa maswali magumu ya dini na Visakha, aliyekuwa mumewe zamani. Akayajibu yote. Visakha alipompelekea Budha habari, Budha alisema kwamba hata yeye angalijibu vivyo hivyo. Tena kiko kitabu kizima cha mashairi ya watawa wa kike wa kale, kiitwacho Therigatha.

Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, Sanghamitta, binti wa mfalme Asoka, alivuka bahari mpaka Sri Lanka, akaanzisha huko jamii ya watawa wa kike. Hapa yafaa tujue kanuni moja: ili mwanamke awe mtawa kamili, lazima apokewe na watawa wa kike na wa kiume pia. Ni kama moto wa kuazima kwa jirani. Ukizimika nyumba zote, hakuna pa kuazima.

Na huko Sri Lanka ulizimika. Vita vya karne ya 11 viliharibu jamii zote mbili. Wafalme waliagiza watawa wa kiume kutoka Burma, nao wakaanza upya. Wa kike hawakuagiziwa mtu. Lakini katika karne ya 5 watawa wa kike wa Sri Lanka walikuwa wamekwisha kusafiri mpaka Uchina na kuupeleka moto wao, ukafika hata Korea. Mwaka 1996, mjini Sarnath, India, wanawake kumi wa Sri Lanka walipokewa kwa msaada wa watawa wa Korea. Mwaka 1998 jambo hilo likafanyika Sri Lanka kwenyewe, mjini Dambulla. Wako wazee wa dini wasiokubali mpaka leo, wakisema moto huo umepitia madhehebu mengine. Huko Thailand, agizo la mwaka 1928 liliwakataza watawa wa kiume kuwapokea wanawake. Kwa hiyo Chatsumarn Kabilsingh, mwalimu wa chuo kikuu, alikwenda Sri Lanka, akapata utawa kamili mwaka 2003. Sasa huitwa Dhammananda.

Jirani zetu wa Uganda nao wana habari yao. Mwaka 2005 mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alifungua kituo cha Wabudha karibu na Entebbe. Mama yake mzazi akaingia utawa, akaitwa Dhammakami. Kama Mahapajapati, alimfuata mtoto aliyemlea.

Fundisho ni hili. Mtu akiwaambia, "Jambo hili halikuwako kwetu tangu zamani," msinyamaze, wala msimtukane. Mwulizeni: lilikoma lini, na kwa sababu gani? Pengine lilikuwako, likazimika, na waliokuwa na uwezo hawakujali kuazima moto.

Maswali

1. Ananda alimwuliza Budha nini, na kwa nini swali lake lilikuwa na nguvu?
2. Eleza tofauti ya kukana akili ya mtu na kumnyima cheo.
3. Taja kazi moja hapa kwetu ambayo wanawake waliifanya zamani kisha wakaiacha. Waulize wazee sababu.