Kupambanua Gharama za Biashara: Mfano wa Mashua ya Dagaa

Reli ilipofika Kisumu mwezi wa Desemba mwaka 1901, mahali hapo pakiitwa Port Florence, ilikuwa imekwisha kula zaidi ya pauni milioni 5 za Serikali ya Uingereza. Fedha hizo zilitumika kabla ya mizigo kuanza kupakiwa gatini. Tangu siku ile, treni iliyojaa pamba ya Uganda na treni iliyokuwa nusu tupu zilipita juu ya reli zile zile na madaraja yale yale. Kuni za injini ndizo zilizozidi au kupungua kwa kadiri ya safari.

Katika habari hii fupi mna aina mbili za gharama. Iko gharama isiyobadilika, nayo hulipwa kazi ikiwa nyingi, ikiwa haba, au ikiwa haipo kabisa. Iko na gharama inayobadilika, nayo huifuata kazi kama kivuli. Mtu aweza kudhani kwamba mambo hayo ni ya makampuni makubwa tu. Sivyo, mwenye mashua moja ufukoni Usenge yampasa kuyajua vile vile, maana yeye hana hazina ya Serikali ya kumwokoa.

Tuseme yupo mtu mwenye mashua ya kuvulia dagaa, ambao Wajaluo huwaita omena. Kila mwezi humlipa mlinzi Sh. 6,000, na kodi ya ghala Sh. 2,000. Tena huweka akiba Sh. 13,000 kwa ajili ya kuchakaa kwa mashua, nyavu, taa na injini. (Wengi hawaiweki akiba hii, wakidhani kwamba chombo kilichokwisha kununuliwa hakina gharama tena. Wavu ukipasuka ndipo wanapokwenda kukopa.)

Petroli na chakula cha wavuvi humgharimu Sh. 1,600 kila usiku mashua iendapo ziwani. Hapa yafaa msomaji aangalie sana, kwa kuwa ndipo wengi wanapokosea. Petroli haifuati wingi wa dagaa, hufuata idadi ya safari. Mashua ikirudi na debe 3 au madebe 30, mafuta yaliyochomwa ni yale yale. Lakini ujira wa wavuvi hufuata mauzo, kwa sababu gharama za usiku zikiisha kutolewa, fedha zinazobaki hugawanywa nusu kwa nusu baina yao na mwenye chombo. Basi haitoshi kusema kwamba gharama hubadilika. Sharti kuuliza hubadilika kwa kufuata nini.

Iko na aina ya tatu, yenye mchanganyiko. Fundi wa injini hupewa kiasi fulani kila mwezi ili awe tayari, na zaidi ya hapo hulipwa kwa kadiri injini ilivyotumika. Mwenye mashua asiyeandika kwa uangalifu huona jumla tu: mwezi wa safari 20 alilipa Sh. 11,000, na mwezi wa safari 12 alilipa Sh. 7,800. Aweza kuzitenga sehemu hizo kwa hesabu nyepesi. Safari zimepungua 8, na malipo yamepungua Sh. 3,200, basi kila safari ni Sh. 400. Safari 20 ni Sh. 8,000, na Sh. 3,000 zinazosalia ndizo zisizobadilika. Ajaribu na mwezi ule wa pili, ataona hesabu yakubaliana.

Sasa gharama zake zisizobadilika ni Sh. 24,000 kwa mwezi, na kila usiku wa kazi ni Sh. 2,000. Tuseme debe huuzwa Sh. 400. Katika mwezi mwema, wenye safari 20 na madebe 20 kila usiku, sehemu yake ni Sh. 3,000 kwa usiku, yaani Sh. 60,000; akitoa Sh. 24,000 hubakiwa na Sh. 36,000. Katika mwezi wa tufani, wenye safari 12 na madebe 12 kila usiku, sehemu yake ni Sh. 16,800 tu, naye amepata hasara ya Sh. 7,200. Je, ingalikuwa heri aiache mashua ufukoni? La, maana kila safari ilimletea Sh. 1,400, na kama angalikaa nyumbani hasara yake ingalikuwa Sh. 24,000 kamili.

Lakini hesabu haijaisha. Kwa kanuni za uvuvi za Kenya, uvuvi wa dagaa hufungwa miezi minne kila mwaka, Aprili mpaka Julai, ili samaki wapate kuzaliana. Katika miezi hiyo petroli haichomwi, ila mlinzi na ghala havikufungwa. Miezi minne kwa Sh. 24,000 ni Sh. 96,000, nazo hazina budi kutoka katika miezi minane ya kazi, Sh. 12,000 kila mwezi. Kwa hiyo mzigo wa kweli wa mwezi wa kazi ni Sh. 36,000. Mwezi ukiwa mwema, kila debe hubeba Sh. 90 za mzigo huo. Mwezi wa tufani hubeba Sh. 250.

Basi mchuuzi akija kutoka Kisumu akitaka mapatano ya mwaka mzima kwa Sh. 250 kila debe, mwenye mashua asiyepambanua gharama zake atafurahi kwamba kila safari italeta faida. Ni kweli, hata kwa bei hiyo atapata Sh. 1,500 kila usiku ulio mwema. Lakini safari 20 ni Sh. 30,000, nazo zimepungukiwa Sh. 6,000 hata katika mwezi ulio bora. Bei hiyo yaweza kukubaliwa kwa usiku mmoja ambao hakuna mnunuzi mwingine, dagaa wasije wakaoza. Kwa mwaka mzima yafaa kukataliwa, maana mwisho wa Aprili mlinzi atakuja kudai Sh. 6,000 zake, nyavu zikiwa zimetundikwa na taa zimo ghalani.