Maneno ya David katika Prometheus

Filamu ya Ridley Scott, Prometheus (2012), husimulia yaliyotangulia Alien (1979). Iligawanya watazamaji: wengine walisifu maswali yake juu ya asili ya binadamu, wengine walilalamikia majibu yanayokosekana. Nachukua mfano mmoja unaotuhusu wanafunzi wa lugha. Roboti David amejifunza lugha mame ya jamii ya Kihindi-Ulaya. Mzee Weyland, anayetaka kukwepa kifo, anamtumia kuzungumza na kiumbe wa kabila lililomuumba binadamu. Maneno ya David hayatafsiriwi kwenye skrini; kiumbe yule anamng'oa kichwa. Je, alifikisha ombi kwa uaminifu? Wengi huliita hilo pengo la hadithi. Kwangu, linatuweka mahali pa Weyland: tunamtegemea mkalimani tusiyeweza kumhakiki.